Kasha Dogo la Nikodemu

Nikodemu alipima meza kwa kamba, akaitia kamba mfukoni, akapanda gari la asubuhi kwenda Lindi kununua kasha la kompyuta. Meza ilikuwa nyembamba kwa sababu nafasi yenyewe ilikuwa ndogo: upande mmoja dirisha, upande wa pili kitanda cha mama yake, Veronika. Nyumba ilikuwa ya mama, pale Kilwa Masoko, na chumba chake ndicho pekee kilichotazama barabara.

Shirika lililomwajiri Nikodemu lilikuwa limebinafsishwa na yeye akapunguzwa kazi. Siku vitu vya ofisi vilipouzwa aliondoka na matumbo ya kompyuta: ubao mkuu, yaani mazabodi, pana kama sinia, pawa saplai nzito, diski na feni zake. Alitaka kufungua steshenari.

Dukani Lindi, muuzaji aliyeitwa Abdurahmani alimwonyesha kasha kubwa na kasha dogo.

"Hili kubwa halikai mezani kwangu," Nikodemu alisema.

"Basi pima hilo dogo. Mazabodi ikiwa pana inagoma. Pawa saplai ikiwa ndefu inagonga diski."

Nikodemu alipima. Vifaa vyake vililizidi kasha kwa kiganja kizima.

"Lakini hilo linaingiza," Abdurahmani alisema. "Kuna mtu aliingiza mashine nzima ya fotokopi."

Nikodemu akalichukua.

Nyumbani kila kitu kiliingia na nafasi ikabaki. Aliongeza rimu za karatasi, zikaingia. Aliongeza sanduku la nguo la mama yake, likaingia pia. Kazi ikachanganya. Watu walitoka Njinjo na Tingi kuchapisha barua za kuomba kazi na mikataba ya mashamba waliyokuwa wakiwauzia wageni, na wote walikosa pa kukaa. Nikodemu akakifungua kitanda cha mama, akakiingiza kipande kwa kipande, akaweka benchi.

"Mama, ingia na wewe," alisema. "Kitanda chako kimo humo."

"Hakuna joto?"

"Kuna feni."

"Na haja?"

Hilo Nikodemu hakuwa amelifikiria. Akaingiza ndoo.

Veronika alivua kandambili, akashika ukingo wa bati, akainama, akaingia. Hakupungua mwili, na kasha halikupanuka. Nikodemu akafunga skrubu.

Wateja walizoea. Kabla ya kutoa karatasi zao walisema, "Shikamoo, bibi," na kwenye matundu ya pembeni ikatoka sauti, "Marahaba." Chakula kilipitia mdomo wa kuingizia diski. Chapati ilipita vizuri, ila ugali ilibidi ubanwe uwe bapa. Umeme ulipokatika feni zilisimama na Veronika akagonga bati. Nikodemu aliwaambia wateja wavumilie kidogo, umeme utarudi. Uliporudi Veronika aliacha kugonga.

Binti wa Veronika, Fortunata, aliyeolewa Mitole, alisikia habari hizi kwa mtu aliyekwenda kuchapisha mkataba. Alikuja na khanga mpya na nauli ya watu wawili.

"Nimekuja kumchukua mama," alimwambia kaka yake.

Nikodemu hakubisha. Akazima mashine, akampa bisibisi.

Fortunata akafungua. Veronika alikuwa amekaa kitandani, nyuma ya feni, akiwa amekwisha kujifunga kitambaa cha kichwa. Nguo zake alikuwa amezifunga kwenye kifurushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia tangu mlangoni." Akasimama, akakumbatia kifurushi. "Sasa kule utanilaza wapi?"

Fortunata aligeuza bisibisi mkononi. Akakifikiria chumba anamolala na mumewe, na kile cha pili wanamolala mama mkwe na watoto. Akaufikiria uso wa mama mkwe, kisha wa mumewe. Wateja kwenye benchi wakatazama barabarani.

Veronika alimtazama. Kisha akaweka kifurushi chini na kuanza kufungua kitambaa cha kichwa.

"Funga, mwanangu," alisema. "Vumbi linaingia."

Fortunata alimpitishia khanga, akarudisha kifuniko. Akakaza skrubu zote, na ile iliyokuwa imelegea akairudia mpaka ikagoma. Nikodemu akawasha mashine.

Gari la kurudi lilikuwa halijafika, kwa hiyo Fortunata akakaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani. Mzee mmoja alimpa Nikodemu karatasi za shamba lake, naye akaanza kuchapa.

"Niko," Veronika aliita kutoka ndani. "Dada yako bado yupo?"

Nikodemu alimtazama Fortunata. Fortunata alitazama sakafu.

"Ameshaondoka, mama," Nikodemu alisema, akaendelea kuchapa.

Ndani ya kasha Veronika alianza kulia, taratibu. Fortunata akavuta miguu chini ya benchi ili mteja mwingine apite.