Asili ya Neno "Ngo"

Saa tatu asubuhi karani alifungua droo ya herufi N, akakuta kadi asiyoiandika yeye. "Ngo: kwa nini?" ilisema. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ofisi ile ilikuwa ikiunda lugha mpya, na neno lisilo na sahihi ya aliyelibuni halikuingia kamusini, hata liwe tamu kama asali. Isitoshe, lugha ile ilinyimwa "kwa nini" kwa makusudi. Mkurugenzi alisema nani, wapi na lini zinatosha. Hilo lingine linapoteza muda.

Lakini ngo lilikuwa limeshashika. Wapiga chapa walilisema, dereva alilisema, hata mkurugenzi lilimponyoka kikaoni, akajikohoza. Karani, ambaye udadisi ulimwasha kuliko upele, aliuliza meza kwa meza. Wote walilisikia ukutani, upande wa stoo.

Saa kumi jioni akaketi mlangoni pa stoo. Ngo, ngo. Kisha shangazi yake akapita katikati ya mlango uliofungwa, ufagio mkononi, masizi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mfagiaji pale mpaka mwaka juzi, stoo ilipoungua naye yumo ndani. Komeo lilikuwa kwa nje, wafagiaji wasije wakazurura saa za kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Kazi tu. Hili neno ni lako?"

"Mimi nilikuwa nagonga mlango, mwanangu. Neno mmelifanya nyinyi."

Hakujua kuandika, akabonyeza kidole gumba kwenye kadi; masizi yakatosha kuwa wino. "Waambie waling'oe lile komeo," alisema, akarudi alikotoka.

Asubuhi mkurugenzi aliisifu alama ya gumba kwa usafi wake. Tatizo, marehemu hayumo kwenye orodha ya wabunifu. Akapiga muhuri: "Asili haijulikani." Sahihi ilikuwepo, neno likapita.

"Na komeo, mzee?"

"Hilo waulize watu wa stoo. Sisi hapa ni maneno."

Karani alikwenda kulia chooni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alipotoka, mfagiaji mpya alikuwa ameingia stoo na ndoo yake, na msimamizi alikuwa akisukuma komeo kama kila siku. Baada ya muda yule mfagiaji mpya akagonga kutoka ndani. Ngo, ngo. Watu wakainua vichwa na, kwa kuwa neno sasa lilikuwa halali, wakalirudia pamoja kwa matamshi sahihi, kisha wakaendelea na kazi.