Sahihi ya Abdow

Rukiyo alimshika Idman mabega huku muuguzi Osob akibandua bendeji. Mtoto hakulia tena. Alikuwa amechoka kulia. Birika la chai ya maziwa lilimmwagikia mkono wa kulia, na sasa kidonda kilipokuwa kinapona kilivuta vidole kuelekea kiganjani.

"Vitajikunja na kubaki hivyo," alisema daktari wa upasuaji, mgeni kutoka Nairobi. "Nitatoa ngozi pajani nimpandikize hapa. Kesho asubuhi. Jumatano naondoka."

"Fanya, daktari. Nipe karatasi nitie sahihi."

Osob akaivuta karatasi upande wake. "Si wewe, abaayo, dada yangu. Baba yake."

"Abdow yuko na ngamia huko mbele ya Wajir. Simu haishiki."

"Basi mtu wa ukoo wake."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Najua. Kuna mama alitia sahihi hapa, mtoto akafia mezani. Wazee wa upande wa baba wakaja kudai diya, fidia ya damu, kwa muuguzi aliyempa kalamu. Wewe utanitolea ngamia?"

"Sheria inamtambua mama," daktari akasema.

"Sheria inalala Nairobi, daktari. Mimi nalala hapa Galbet."

Daktari akavua glavu.

Jioni alikuja shemeji, Diriye, moja kwa moja kutoka soko la mifugo. Alisimama mbali kidogo na kitanda.

"Mtoto ni wa Abdow," alisema. "Likitokea la kutokea, nitamtazama ndugu yangu kwa macho gani? Mngoje mwenyewe."

"Na vidole navyo vitamngoja?"

Diriye akamwekea Idman pakiti ya juisi kitandani, akaaga.

Asubuhi, zamu ya Idman ilipofika, wakamwingiza mzee wa henia chumba cha upasuaji badala yake. Jumatano daktari akaondoka.

Abdow alipiga simu mvua ilipokwisha, kwa simu ya dereva wa lori. Rukiyo alimweleza yote. Upande wa pili ngamia walikuwa wakilalama.

"Sahihi yangu?" akauliza. "Kwani wewe hukuwepo?"

Rukiyo akakata simu. Idman alikuwa amesimama mbele yake uani kwao, anataka tende. Akampa moja. Mtoto akanyoosha mkono wa kulia. Tende ikagonga ngumi isiyofunguka, ikaanguka mkekani. Akaiokota kwa kushoto, akaipeleka mdomoni.

"Kwa kulia, Idman," bibi yake akamkemea kutoka ndani, kwa mazoea tu. "Mtoto mwenye adabu hali kwa kushoto."

Idman akaishusha tende. Akamtazama mama yake.