Chupa ya Shekha Juu ya Paa

Watu wa kupima siwaamini. Walipima shamba la baba yangu, walipomaliza tukaambiwa si letu. Basi mwaka wa themanini na nne, Gerishom alipoingia Muyeye, kijana wa bara asomaye kemia ng'ambo, akiomba galoni moja ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa tunayopaka vyombo vya baharini, nilimganda kama kupe.

"Ya nini?"

"Shikamoo, mzee. Yana vitamini A. Chuoni tunaipiga kwa mionzi, tuone inavyoharibika."

"Umetoka Ulaya kuja kuharibu mafuta ya watu?"

"Mionzi ikipiga, huzaliwa kitu kikali kisichotulia. Kinavamia chochote kilicho jirani, kinageuka, kimekwisha. Yote hayo kope haijashuka."

"Umekiona?"

"Mashine ndiyo hukiona."

"Basi ilete, tuamkiane nayo."

Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Shekha, binti wa dada yangu, hakucheka. Mwanawe Athman, jua likitua, alikuwa akijigonga kuta.

"Mbona mwanangu namnywesha hiyo sifa kila siku na giza likiingia haoni?"

"Unaiweka wapi, dada?"

Akaishusha paani. Chupa ya kioo cheupe, inashinda juani. Ndivyo tufanyavyo sote, ati harufu ipungue.

"Jua nalo lina mionzi," Gerishom akasema. "Kitu kile nilichomwambia mzee kinazaliwa humu kutwa. Vitamini imekwisha, mtoto anakunywa mafuta matupu. Twende zahanati."

Zahanati wakatoa kidonge laini chenye mafuta ya vitamini hiyo ndani, kutoka kopo jeusi. Nikauzuia mkono wa Shekha.

"Kwetu aletaye kikombe hukionja kwanza."

Gerishom akakichukua kidonge. Akakata ncha, akadondosha tone ulimini mwake, yaliyobaki akamkamulia mtoto. Nilimtazama Gerishom koo mpaka akameza.

Tangu hapo kila magharibi nikawa kwa Shekha. Chupa mpya ya sifa ilikuwa mvunguni, imeviringishwa kanga. Taa ilikuwa haijawashwa. Jioni moja nikanyoosha mkono kimya, nimeshika tende. Athman akaja moja kwa moja, akaichukua, akaila.

Shekha alikaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Umeridhika sasa, mjomba?"

"Kwa mtoto, nimeridhika. Lakini huyo Gerishom hajaniambia galoni yetu anampelekea nani."