Vaileth Anachagua Koleji

Laurean alilazwa kifudifudi kwenye lami ya Kenilworth Avenue mchana kweupe, bunduki mbili zikimwelekea kisogoni, kwa sababu tu alikuwa anaendesha gari jeupe. Alikuwa anapeleka mazulia Hyattsville. Askari mmoja alimkandamiza mgongoni kwa goti, mwingine akafungua milango ya nyuma na kuanza kutupa mazulia nje. Laurean alipojaribu kugeuza shingo aseme kwamba yeye ni dereva tu, uso wake ulibanwa chini mpaka mdomo ukapasuka. Kisha wakamwinua, wakasema samahani, wakaondoka. Mazulia aliyaokota mwenyewe, magari yaliyokwama nyuma yake yakimpigia honi.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2002, siku zile mdunguaji alipokuwa akiua watu hovyo kutoka mafichoni, pembezoni mwa Washington. Watu walipigwa risasi wakitia mafuta, wakikata majani, wakipakia vitu kwenye buti. Redio zikawa zinasema watu watazame gari la mizigo jeupe, kwamba ndilo la muuaji. Kwenye vituo vya mafuta wanaume wazima walichuchumaa nyuma ya matairi, na kwenye maegesho ya maduka akina mama walikimbia huku wakipinda kushoto na kulia, wamewakumbatia watoto. Shule zilishusha mapazia. Michezo ya jioni ikafutwa, maktaba zikafungwa mapema, na kila mwanafunzi akaamriwa kwenda moja kwa moja nyumbani.

Nyumbani ndiko Vaileth alikokuogopa.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake, Honorata, alikuwa mjane alipotoka naye Bukoba, akapata kazi ya kuhudumia wazee huko Columbia Heights, na baadaye akaolewa na Laurean, mtu wa kwao, waliyefahamiana kanisani. Kofi la kwanza lilikuja kabla ndoa haijazoeleka. Baada ya hapo Honorata alijifunza kuvaa mikono mirefu hata wakati wa joto, na Vaileth alijifunza kukaa maktaba ya shule mpaka wanafunga. Huko maktaba ndiko alikoanza kuota kusoma sheria Oxford. Mama yake mdogo, Euphrasia, nesi huko Uingereza, alikuwa amemtumia kitabu cha chuo hicho na kumwambia kwa simu: "Wewe jaribu. Wakikukataa utakuwa umekataliwa na wakubwa."

Sasa maktaba ilikuwa imefungwa, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa inakaribia. Kwa hiyo jioni ile Vaileth alikifungua kitabu kwenye meza ya jikoni, kwao Bladensburg, mama yake akiwa anamenya ndizi.

"Sasa mbona hujamaliza?" Honorata aliuliza. "Si ulisema kila kitu kiko tayari?"

"Bado kuchagua koleji. Chuo ni kimoja, lakini ndani yake kuna koleji nyingi, mama. Kila moja ina geti lake, bwalo lake, walimu wake. Unaishi humo, unasomea humo. Na unatakiwa uchague moja."

"Na ukichagua vibaya?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Honorata alifuta mikono, akaja kutazama picha. Vaileth alimwonyesha moja ndogo, ya mawe, yenye ngazi za mbao zilizolika katikati zinazopanda kwenda maktaba. Hiyo ndiyo iliyokuwa moyoni mwake tangu siku ya kwanza. Halafu akamwonyesha nyingine, kubwa, ya zege, iliyofanana na hospitali.

"Hii mbaya ya nini?" mama alisema.

"Hii ukitoka nchi za mbali wanakuacha ukae hata wakati wa likizo. Ile ya mawe, muhula ukiisha, unafungasha unaondoka."

Honorata alimtazama mwanawe, akaelewa hesabu anayoipiga. Alirudi kwenye ndizi. Aliweka sufuria kubwa ya maji kwenye jiko, akachukua kinu akaanza kutwanga karanga.

Laurean aliingia bila kuvua viatu. Damu ilikuwa imemkaukia kidevuni, na shati lake lilikuwa na lami kifuani.

"Baba, umefanya nini mdomoni?" Vaileth alisimama.

"Kaa chini."

Alikaa. Honorata aliacha kutwanga. "Laurean, nani kakupiga? Ngoja nikuletee maji."

"Nimesema nataka maji?" Alivuta kiti, akakitazama kitabu. "Hii nini?"

"Shule," Vaileth alisema.

"Najua kusoma. Nimeuliza nini."

"Chuo kikuu. Uingereza. Naomba kusoma sheria."

Laurean alicheka, na kicheko kikaupasua tena mdomo wake. "Sheria. Leo sheria imenilaza barabarani kama mbwa, watu wananipiga picha. Na wewe unataka ukawe mmoja wao. Ili uje unifunge, siyo?"

"Hapana, baba."

"Unaniona mjinga. Nyote wawili mnaniona mjinga. Mnakaa humu mnapanga safari, mimi natupwa chini huko nje kwa ajili yenu!"

Vaileth alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kitabu. Hilo tu. Laurean alimdaka kifundo cha mkono, akaubamiza mkono ule kwenye ukingo wa meza mara moja, kisha mara ya pili kwa uzito wa mwili wake wote. Mfupa ulilia. Vaileth alisikia sauti kabla ya kusikia maumivu, kisha akapiga ukelele uliowafikia majirani upande wa pili wa maegesho.

"Mwache!" Honorata alimrukia mgongoni. Laurean alimkung'uta kwa kiwiko, akamgeukia, akamshika nywele na kumgonga kichwa kwenye mlango wa kabati. Nyusi ilichanika. Alimgonga tena. Mara ya tatu mkono wa Honorata ulikuwa umeshafika kwenye jiko.

Alivuta sufuria. Hakulenga. Maji yanayochemka na ndizi vilimwagika shingoni na begani kwa Laurean, vingine vikamwangukia Honorata mwenyewe miguuni. Laurean alinguruma, akateleza kwenye maganda, akaanguka chali akijikwangua shati lililogandana na ngozi.

Hapo mambo yangeweza kuishia. Lakini Honorata aliutwaa mchi kutoka kwenye kinu, akampiga nao kwenye mbavu. Akampiga bega lile lile lililoungua. Laurean alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono, akaanza kusema, "Basi, Honorata, basi mama," naye akaipiga ile mikono. Hakuwa akipiga kelele. Alipiga kwa utaratibu, akivuta pumzi, damu ya nyusi ikimwingia jichoni, uso wake umetulia kama mtu anayefanya kazi aliyoahirisha muda mrefu.

"Mama!" Vaileth alimkumbatia kiuno kwa mkono mmoja uliobaki mzima. "Mama, atakufa! Inatosha!"

Honorata aligeuka, mchi ukiwa juu. Kwa nukta moja alimtazama mwanawe kana kwamba hamjui. Kisha mchi ulimponyoka.

Mlango uligongwa, kisha ukafunguliwa. Alikuwa Bilha, Mkenya wa jengo la mbele, nesi, ambaye alikuwa ameyavuka yale maegesho mbio huku amejiinamia, anapinda huku na kule kumkwepa mdunguaji. Alisimama akihema, akaangalia sakafu.

"Woi, Yesu wangu," alisema. "Mmeuana?"

Polisi walifika wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi. Walimkuta mwanamume aliyeungua anayetema damu na mwanamke aliyesimama, na hawakuwa na muda wa hadithi ndefu. Laurean alipakiwa kwenye gari la wagonjwa. Honorata alifungwa pingu, nyusi ikiwa haijashonwa. Akipita mlangoni alisema kwa Kihaya jambo ambalo askari walimkataza kulimalizia. Alikuwa anamwambia Vaileth aende na Bilha, na azime jiko.

Hospitalini mkono wa Vaileth ulifungwa plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Kesho yake alikaa sebuleni kwa Bilha, mapazia yamefungwa, televisheni ikitaja mtu mwingine aliyepigwa risasi. Bilha alikuwa amepita kule nyumbani akachota kila alichokiona mezani: kitabu, karatasi za maombi, hata maganda mawili ya ndizi.

"Deadline ya maombi ni lini?" Bilha aliuliza.

"Imebaki kidogo sana. Lakini aunty, siwezi kuandika. Na mama yuko ndani. Nawezaje kufikiria shule?"

"Sasa sikiza. Mamako hatatoka jela ukilia hapa. Na hiyo karatasi haitajijaza. Wewe ongea, mimi niandike. Hati yangu ni mbaya lakini inasomeka."

Basi Vaileth akasema, Bilha akaandika, akiuliza herufi za kila neno. Walipofika kwenye nafasi ya koleji, Bilha aliinua kalamu.

"Hapa niweke gani?"

Vaileth aliifikiria ile ya mawe. Akafikiria Desemba, na begi mkononi, na ndege, na mlango wa Bladensburg ukifunguliwa na mtu mwenye kovu shingoni. Akataja ile ya zege. Bilha akaiandika kwa penseli, maana alisema uso wa Vaileth unaonyesha hajamaliza kuamua.

Honorata aliachiwa asubuhi iliyofuata. Nyusi yake ilikuwa imeshonwa na mtu mwenye haraka, na miguu ilikuwa na malengelenge. Mwendesha mashtaka alikuwa ameziona picha za kichwa chake na za mkono wa Vaileth. Kesi yake ilikuwa bado haijafutwa, lakini Laurean ndiye aliyekuwa anangojwa na polisi kwenye mlango wa wodi. Honorata alikaa kwenye kochi la Bilha, akanywa chai, kisha akanyoosha mkono apewe karatasi.

"Umeweka ile inayofanana na hospitali."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya likizo."

"Ndiyo, mama."

"Yule mtu harudi kwangu. Mahakama imesema asikanyage, na hata isingesema. Umesikia?"

Vaileth aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye plasta.

Honorata aliweka kikombe chini. "Au ni mimi unayeniogopa?"

Bilha aliinuka, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji kwa nguvu ili asisikie.

"Nilikuogopa," Vaileth alisema. "Uliponigeukia. Sikukujua."

"Hata mimi sikujijua." Sauti ya Honorata ilikwaruza. "Nilitaka kumuua, Vaileth. Sikutaka kumzuia. Nilitaka afe, na ungechelewa kidogo tu angekufa, na mimi ningezeekea jela. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nakuokoa wewe tu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Miaka yote hii nimekufundisha kukaa kimya akiingia. Kukaa upande wa mlango. Kujua viatu vyake vinasemaje. Sasa nakuona unachagua shule kwa ujuzi huo huo, na inaniuma kuliko hiki kichwa."

"Ni ujuzi mzuri. Nipo hai."

"Upo hai. Lakini ungekuwa huna wa kumkimbia, ungechagua ipi?"

Nje injini ya gari ilitoa mlio kama wa risasi, na wote wawili wakainamisha vichwa, kama mji mzima ulivyokuwa ukifanya wiki hizo. Kisha Vaileth akachukua kifutio kwa mkono wa kushoto, akalifuta jina la ile ya zege, na kwa mkono huo huo, kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa chekechea, akaandika la ile ya mawe.

Waliivuka barabara kwenda posta wote watatu, wakipinda huku na kule, Honorata akichechemea na kutukana kila alipokanyaga. Vaileth alijikuta anacheka katikati ya barabara.

Wauaji walikamatwa kabla ya mwezi kuisha. Walikuwa wawili, na gari lenyewe halikuwa jeupe. Laurean aliisikia habari hiyo akiwa kitandani amefungwa bendeji, na Bilha, aliyekuwa na rafiki katika wodi ile, alisema Laurean alilia kwa sauti mpaka akachomwa sindano ya kumtuliza. Baadaye alikiri kosa mahakamani na kupewa kifungo. Kesi ya Honorata ilifutwa. Kabla ya kupelekwa gerezani, Laurean alikuja kuchukua nguo zake akisindikizwa na askari. Bega lake lilikuwa limeshuka, na ngozi ya shingo ilikuwa ya waridi, inang'aa.

"Tazama ulichonifanya," alimwambia Honorata.

"Nimeona," Honorata alisema, akamsogezea mabegi kwa mguu.

Desemba, Vaileth aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kupokea simu ya usaili kutoka Uingereza. Walimu wawili wa koleji ile ya mawe walimpa kisa cha kubuni cha mtu aliyempiga mwenzake aliyekuwa tayari ameanguka, wakamuuliza kama huko bado ni kujitetea. Alijibu kwamba hapana, siyo kujitetea, na kwamba angemtetea mtu huyo hata hivyo, na wakabishana naye mpaka sikio likamuuma.

Jibu lilikuja baada ya Krismasi. Ile ya mawe ilimkataa. Lakini ilikuwa imeyapeleka maombi yake kwa koleji nyingine, na hiyo ikampa nafasi, koleji ambayo ukurasa wake hakuwahi hata kuufungua.

Alimpigia mama yake kazini. Honorata alikuwa anamlisha mzee uji, simu ameibana begani.

"Koleji gani hiyo?" aliuliza.

"Sijui, mama. Sijaisoma."

"Basi isome," Honorata alisema. "Nikirudi unisimulie." Kisha akamgeukia yule mzee na kumwambia kwa Kiswahili, ingawa mzee hakuelewa hata neno, kwamba mwanawe anaenda kusoma sheria.