Mke wa Mama

Baba alipokufa, mwaka wa 1971, alituacha wasichana watatu na shamba zuri pale Mbooni. Hakuacha mvulana. Hata kabla ya matanga kwisha, Mulei, mtoto wa ndugu yake, alikuwa akipita kwenye mipaka na kuitazama miti yetu ya matunda kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni.

Mama alinigeukia mimi, kifungua mimba.

"Mbinya, usiolewe. Baki hapa, uzae mvulana awe wa baba yako. Mulei atanyamaza."

"Mwaitu," nikamwita mama kwa lugha ya kwetu, "mimi nimeokoka."

"Shamba halijaokoka," mama akasema.

Nami nilikuwa na Jonah, mwalimu wa kwaya kutoka Kibwezi. Wazee wa kwao walikuwa wameshaleta mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia posa. Nilimwomba sana Mungu anionyeshe njia. Nilidhani amenijibu kupitia rafiki yangu Ndinda.

Ndinda alikuwa amenizidi umri, na wanaume walikuwa wameacha kumtazama. Kwetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake, akamtolea mahari, na watoto atakaozaa na mwanamume yeyote wakawa wa nyumba ile. Mke huyo tunamwita iweto.

"Mwambie mama yako anioe," Ndinda akaniambia tukichambua maharagwe.

"Wacha mzaha."

"Wewe una Jonah. Mimi nina nini? Kwa kaka yangu nalala jikoni na kuku. Mama yako hanywi pombe wala hapigi mtu. Waume wangapi wako hivyo?"

"Na mapenzi?"

Akacheka. "Hayo utanisimulia ukija kutusalimia."

Nilimdharau kidogo moyoni, lakini maneno yake niliyapeleka kwa mama siku hiyo hiyo. Mama aliwachukua mbuzi wa Jonah, akawapeleka kwa kaka yake Ndinda kuwa mahari. Kanisa likamzuia mama kushiriki meza ya Bwana. Akahamia benchi la nyuma, akakaa pale bila kuinamisha kichwa.

Baada ya mavuno Jonah alikuja na baba yake, mzee wa kanisa. Niliwapa chai. Mzee hakuigusa.

"Tuliomba msichana wa mjane," akasema. "Sasa tunaambiwa mjane ana mke. Mjukuu wangu atamwita nani huyo?"

"Atamwita Ndinda," nikajibu.

Jonah alikuwa akitazama viatu vyake vilivyopigwa rangi vizuri.

"Jonah, sema wewe."

"Baba amesema," akajibu.

Wakaulizia mbuzi wao. Mama akawaambia walikokwenda, na mzee akainuka bila kuaga.

Ndinda alizaa mvulana, akapewa jina la baba yangu, Mutiso. Mulei hakuonekana tena mipakani. Wadogo zangu waliolewa mbali, na watu wasiouliza mengi. Mimi nilibaki. Nilipotaka mahali pa kupanda mbaazi, mama aliniambia nimuulize mwenye shamba.

Mwenye shamba alikuwa akinyonya.

"Lima kule chini kwenye mawe," Ndinda akasema kwa upole. "Huyu akikua, tutaona."

Nikamshukuru. Nikashuka na jembe langu, nikapiga magoti kati ya mawe ili niombe kwanza, kama kawaida yangu. Sala iliyonijia ilikuwa kwamba mtoto yule asikue. Niliinuka kabla ya kusema amina, nikaanza kulima.