Mathayo Ishirini na Tano, Ghorofa ya Pili

Kila Alhamisi saa nane mchana, kabla ya kuingia zamu kwenye bohari ya Jeffersontown, Mwinjilisti Byamungu alipanda ghorofa ya pili kumfafanulia Biblia mzee Ngarambe. Mzee alikuwa amechunga ng'ombe miaka hamsini katika milima ya Kivu Kusini, mambo ya kanisa akamwachia mkewe, Nyiramahirwe. Walipotezana wakikimbia vita, na baadaye akaambiwa mkewe amekufa. Sasa, ukimbizini Louisville, mwaka 2015, alikuwa na swali moja tu: huko aliko mkewe, naye atafikaje? Upweke ulikuwa umemchosha kuliko uzee.

"Sijue kusoma," alisema. "Unieleze."

Byamungu alieleza vizuri, na kila mtu wa kitabuni aliyemtaja alikuja mwenyewe. Kipofu wa Yeriko alikuja na macho yake mazima, akanywa chai ya maziwa. Mwanamke wa kisimani aliosha vikombe huku akilalamika kwamba maji ya bomba yananuka dawa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: kipofu aliporudi mara ya tatu, mzee, kwa kukosa jembe, akampa ufagio. Jioni wote walipanda basi wakaenda zao, mzee akabaki na viti.

Alhamisi moja ya Februari wakafika Mathayo ishirini na tano. Byamungu akasoma: "Nilikuwa mgeni..."

"Mugeni ni mutu gani?" mzee akauliza. "Kule kwetu balikuwa banatuita bageni. Hata ku redio. Na babu yangu alizaliwa palepale."

"Bon, papa. Hapa mugeni ni mutu mwenye kupiga hodi, na weye unamufungulia."

Hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Nyiramahirwe, kitenge kimelowa mvua ya mwaka ule wa vita. Mzee alinyanyuka, akamwambia aingie. Mama hakuvuka kizingiti.

"Haiko weye ulinifungia mulango," alimwambia mumewe, kisha akamgeukia mwinjilisti. "Byamungu, unanikumbuka? Ni ku Bukavu, mvua ilikuwa inanyesha. Ulisema kwako bageni habaingie."

"Hapana, mama, sikukumbuke," akajibu Byamungu, ambaye alikumbuka mpaka komeo la mlango ule.

"Basi maliza mustari. Unikaribishe weye, nitabakia na mzee wangu."

Lilikuwa limebaki neno moja: mkanikaribisha. Byamungu alilitazama, akatazama saa, akasema zamu inaanza saa kumi na barabara ina theluji. Akafunga kitabu. Mama aliwaaga wote wawili kwa heshima, akashuka ngazi akishika ukuta. Mzee alizihesabu ngazi zote kwa masikio.

Jumapili alikwenda kanisani, kama alivyokwenda kila Jumapili kwa miezi kumi na minne. Byamungu ndiye aliyesoma matangazo.

"Bageni basimame," alisema, akimtazama mzee, "tubapigie makofi."

Mzee Ngarambe akasimama. Kanisa zima likampigia.