Kalunde na Leso ya Wafadhili

Siku klabu ilipokuja kumwezekea nyumba, Kalunde alivaa sare yake ya kanisa: rinda la buluu, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyeusi alivyonunua mwaka ule binti yake alipoolewa. Nani amesema mtu akitengenezewa nyumba avae gunia? Alikuwa akitarajia wageni, na mgeni hapokelewi kwa nguo za shambani.

Muthokoi ulikuwa jikoni tangu alfajiri, kwenye sufuria kubwa aliyoiazima kanisani. Mahindi aliyatwanga mwenyewe siku mbili nzima mpaka maganda yakatoka yote, akayachanganya na maharagwe, akakaanga vitunguu bila ubahili. Watu arobaini wangekula na kubakisha. Magoti yalimlalamikia, akayaambia yanyamaze.

Nyumba yenyewe iko kwenye mteremko huko Kathiani, kuta zake za matofali bado imara, ila paa limebaki nusu. Nusu nyingine iling'olewa na upepo wa Machi ikatupwa kwenye shamba la jirani yake Ndeti. Ndeti ni fundi wa mbao, na aliyatazama yale mabati yaliyojikunja akasema hayanyooki tena. Tangu hapo Kalunde alilala chini ya karatasi ya nailoni. Mvua ya Aprili ilimnyeshea kitandani, akakohoa hadi Juni. Sasa Oktoba ilikuwa inaisha, mawingu yameanza kukaa juu ya milima, na mvua ya Novemba haibishi hodi. Mwenyewe alijua kifua chake hakingestahimili msimu mwingine kama ule.

Ndiyo maana padri alipomwandikisha kwa klabu ya huduma ya Mumbuni, alishukuru kwa moyo wote. Na tuseme ukweli, hao walikuwa watu wazuri. Walimu, wenye maduka, watu wa ofisini, kila Jumamosi wanaacha usingizi wao wakapande miti, wapake madarasa rangi, wachimbe vyoo vya shule. Hakuna anayewalipa. Kalunde aliposikia habari zao alisema, "Kumbe mjini bado kuna mwethya!"

Na kwa kuwa kwake ulikuwa mwethya, ile kazi ya majirani ya kusaidiana, aliita mwethya. Alipita boma kwa boma akiwaambia majirani waje Jumamosi na majembe na nyundo. Miaka arobaini alikuwa amechimba matuta kwenye mashamba yao, mchana wa jua kali, akiwa na mimba na bila mimba. Mikono walikuwa nayo, wote walikuwa tayari. Kilichokosekana siku zote ni mabati. Na mwethya una sheria zake ambazo hata mtoto wa Ukambani anazijua. Anayekuja huja na chombo chake. Mwenye boma hupika. Ukishakula chakula cha mwethya, huondoki mpaka kazi iishe.

Klabu ilifika saa tatu, gari dogo mbele na lori la mabati nyuma, watu kumi na wawili waliovaa fulana za manjano. Kiongozi wao alikuwa Henry Kiema, mwenyekiti, mwenye duka la dawa za mifugo mjini. Alishuka akitabasamu, akamwona Kalunde, na tabasamu likapungua kidogo.

"Habari yako, mama? Tumefika."

"Nzuri, karibuni sana. Mmechoka na hiyo barabara. Kaeni mle kwanza, halafu kazi."

"Aii, hapana mama, usijisumbue. Tumebeba mkate na soda. Hiyo ni sheria ya klabu. Hatukulangi kwa mtu tunasaidia."

Kalunde aliitazama sufuria yake, akamtazama Henry. Alifikiri labda hakusikia vizuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hayo anayajua. Lakini mgeni anayekuja na jembe lake siku ya kwanza halafu anakataa chakula chako, huyo anakwambia nini? Aliufunika tena muthokoi wake.

Henry alikuwa ameshaanza kuizunguka nyumba pamoja na Ann, katibu wa klabu, mwalimu kijana aliyeshika simu ya kupigia picha. Walinong'onezana. Kisha Henry akaenda kwenye gari, akarudi na leso kuukuu. Rangi yote ilikuwa imetoka, na katikati ilikuwa na tundu la kupita kichwa.

"Mama, tuko na kitu kidogo tu kabla tuanze. Wafadhili wanatakanga picha mbili, moja ya kabla na moja ya baada. Sasa hii ya kabla, ukikaa hapo mlangoni, ujifunike hii leso, uvue viatu... na usicheke. Uangalie chini tu. Dakika moja."

"Hiyo leso ni ya nani?"

"Ni ya klabu. Tunatembeanga nayo."

"Kwa hivyo kuna wengine wameivaa?"

Ann alitazama chini, na kwa bahati mbaya alitazama vile vile alivyotakiwa kutazama Kalunde.

Kalunde aliipokea leso kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema asante. Akaenda nayo jikoni, akaikunja mara nne, akaishikia sufuria yake ya moto na kuiteremsha mekoni. Kisha akarudi akijipangusa mikono.

"Imenisaidia sana. Sasa nipigeni picha vile niko."

"Mama, vile uko... " Henry aliviangalia vile viatu vyeusi. "Vile uko wafadhili watauliza huyu ni maskini gani."

"Waambie mimi si maskini. Mimi ni mtu ameng'olewa paa na upepo."

"Bila hiyo picha siwezi kuandika ripoti. Mabati ni yao. Na kwa orodha niko na mzee mwingine huko Mumbuni, huyo atakaa hata siku nzima. Fikiria, mama. Mimi sikulazimishi."

Kalunde aliingia ndani afikirie, na hapo ndipo ujasiri wake ulipotikisika. Aliiona nailoni juu ya kitanda, imefungwa kwa kamba kwenye misumari minne. Aliliona doa la maji ukutani. Aliogopa, aliogopa kabisa, maana usiku wa mvua ni mrefu kwa mtu anayekohoa peke yake. Picha moja tu. Dakika moja. Nani angeiona?

Lakini jibu la swali hilo alikuwa nalo. Mwaka wa ukame, wakati mumewe Mutunga alipokuwa hai, watu fulani walileta mahindi ya msaada, na kijana wa kamera akamwambia Kalunde ashike bakuli tupu na aangalie chini. Akashika. Mwaka uliofuata ile picha ikatokea kwenye kalenda, na kalenda ikatundikwa kwenye kinu cha kusagia unga, Januari hadi Desemba. Watu wakamwita mama bakuli. Mutunga alienda kusaga siku moja, akaiona, akarudi na unga bila kusema neno. Kuanzia siku hiyo alibeba mahindi yao hadi kinu kingine, vilima viwili mbele, na alifanya hivyo mpaka akafa. Hakumlaumu hata mara moja. Afadhali angemlaumu, alifikiri Kalunde, na machozi yakamjia, akayapangusa haraka kabla ya mtu wa simu kuyaona.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Alitoka nje.

"Yapelekeni kwa huyo mzee," akasema. "Mimi sitavaa leso ya mtu."

Henry alitikisa kichwa. "Shukrani ya punda ni mateke," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini Kalunde alisikia. Kisha akawageukia wenzake. "Pakieni."

Wale wa fulana za manjano walikuwa wameshateremsha nusu ya mabati. Walianza kuyarudisha polepole, bila kuangaliana. Kalunde alisimama mlangoni, shingo imenyooka. Kila bati lililorudi lorini lililia, na kila mlio alihesabu kuwa ni usiku mmoja wa mvua.

Wakati huo huo majirani wakatokea juu ya mteremko. Walikuja zaidi ya ishirini, majembe begani, Ndeti akiwa mbele na msumeno wake, wanawake nyuma wakiimba wimbo wa kazi. Waliliona lori, wimbo ukafa.

"Kwani kazi imeisha?" Ndeti aliuliza.

"Haijaanza," Kalunde alisema. "Mabati yanaenda. Nimekataa kupigwa picha ya kulia. Lakini chakula kiko, na hakuna mtu anatoka kwangu na njaa. Njooni mle. Na nyinyi pia, watoto wangu wa manjano. Hata mtu anaenda zake hula kwanza."

Alianza kupakua. Harufu ya vitunguu ilizunguka boma lote. Mkate wa klabu ulikuwa umeliwa barabarani walipokwama kwenye korongo, na hilo kila fulana ya manjano ilijua. Ann ndiye aliyekuja wa kwanza. Aliiweka simu mfukoni, akanyoosha mikono miwili.

"Ann! Sheria!" Henry aliita.

"Najua, mwenyekiti," alisema, mdomo umejaa tayari.

Baada yake walikuja wengine, mmoja mmoja, halafu wote kwa pamoja. Wakala wamesimama, wengine wamekaa juu ya mabati yenyewe. Henry alibaki peke yake kando ya gari, na watu wakamtazama. Ndipo Ndeti alipomwendea na sahani iliyojaa, akaishika mbele yake. Sasa, Mkamba anaweza kukataa mambo mengi, lakini sahani aliyonyooshewa na mzee, mbele ya boma zima, aikatae vipi? Henry aliipokea. Alionja. Akaonja tena, na baada ya hapo hakuonja, alikula. Akaongezwa, akamaliza na ya pili.

Kalunde alimngojea mpaka alipoiweka sahani chini.

"Umeshiba, mwenyekiti?"

"Nimeshiba kabisa, mwaitu. Huu muthokoi umenikumbusha nyumbani." Sasa alimwita mama kwa Kikamba.

"Basi shika nyundo."

Henry alicheka, halafu akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Umekula mwethya," Kalunde alisema. "Mara mbili. Mamako hakukufundisha?"

Mamake alimfundisha. Alikuwa mwanamke wa matuta kama hawa wote, na aliwahi kumwinua Henry kwa sikio akamrudisha shambani kwa kutoroka baada ya kula. Henry aliitazama sahani. Ilikuwa safi, hata punje moja haikubaki. Je, Kalunde alimtega? Watu wa mteremko ule wanasema ndiyo. Yeye mwenyewe hajawahi kukubali wala kukataa.

"Lakini mwaitu, wafadhili..."

"Wafadhili wako mbali. Sahani iko hapa."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, na kicheko kikasambaa kwa majembe na kwa fulana pia. Henry alijikuna sikio, lile lile la zamani.

"Bila picha hiyo, saruji ya sakafu waliyoahidi haitakuja," akasema. "Hiyo siwezi kukudanganya."

"Isije. Hii sakafu ya udongo nimeikanyaga miaka arobaini, haijawahi kuniambia niangalie chini."

Henry alivua saa yake akaitia mfukoni. "Teremsheni mabati," akasema.

Walifanya kazi kama watu walioshiba. Ndeti alipanda juu kupiga boriti, wa manjano wakapitisha mabati, wanawake wakakoroga udongo kuziba nyufa na wengine wakachimba mtaro wa kupitisha maji ya paa. Kalunde hakukaa kwenye kiti cha plastiki walichomletea. Alizunguka na kopo la misumari akiwa na sare yake, akimkemea Henry kila alipopinda msumari, na alipinda mingi. Saa kumi kamili bati la mwisho likakaa mahali pake.

Ndipo Kalunde mwenyewe akamwita Ann.

"Sasa leta hiyo simu. Picha ninataka."

Aliwapanga wote mbele ya nyumba, majirani na klabu wakichanganyika, Henry katikati na udongo hadi magotini, fulana imeraruka begani. Yeye akasimama mbele na upawa wake mkononi, akaangalia kamera moja kwa moja bila kupepesa. Ann akapiga, akapiga tena.

"Chini yake niandike nini, susu?" Ann aliuliza, kama mjukuu kwa bibi yake. "Lazima kwa ripoti niandike aliyesaidiwa na waliosaidia."

"Andika: Kalunde wa Mutunga, pamoja na watu aliowalisha."

Ann aliandika vivyo hivyo. Henry alisoma juu ya bega lake, akaenda kukusanya nyundo.

Walipokuwa wakiingia garini, Kalunde alikuja na ile leso, nyeusi kwa masizi ya sufuria. Henry alinyoosha mkono aichukue, lakini hakupewa.

"Hii inabaki jikoni kwangu," Kalunde alisema. "Huyo mzee wa Mumbuni mnamwezekea lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Nitakuja na jembe langu. Mwambieni avae koti lake zuri."